Ngazi Hii Nani Aliiegemeza?

Ndugu zangu, ngazi imerudi. Karatasi ya mazoezi ya kalkulasi ya wiki hii, swali la nne: ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, mguu wake unateleza kuondoka ukutani kwa mita 1 kwa sekunde. Mguu ukiwa mita 3 kutoka ukutani, ncha ya juu inashuka kwa kasi gani?

Sisi ni wasomi, na wasomi hawalalamiki ovyo. Tulimkubali h, ile hatua ndogo ya x inayoelekea sifuri, ambaye si sifuri wakati unagawanya kwake, na mstari unaofuata ni sifuri kabisa. Tulikubali kukatwa alama kwa kusahau kuandika "lim", yaani kikomo, kwenye mstari wa tatu, kisha wiki iliyofuata Dokta, mhadhiri wetu, akatuonyesha kanuni inayogeuza x² kuwa 2x papo hapo, kana kwamba hatukuteseka. Tulikubali hata kikokotoo kilichoachwa kwenye digrii badala ya radiani, kipimo kingine cha pembe: sin ya 0.01 gawanya kwa 0.01, wenzako wa radiani wanapata 0.99998, wewe una 0.01745 na unaapa mashine haidanganyi. Yote tumemeza.

Lakini ngazi?

Kwanza, nani yuko juu yake? Swali halisemi. Hapa Kampala fundi rangi hapandi ngazi bila kijana wa kuikanyagia mguu chini. Mwenye swali hakuajiri kijana. Mtu anaporomoka, hakuna anayepiga kelele, na sisi wa viti vya nyuma ndio tunaulizwa kasi.

Haya, kwa heshima ya masomo, tufanye. x ni umbali wa mguu kutoka ukutani, y ni kimo cha ncha, na Pythagoras anasema x² + y² = 25. Mguu ukiwa 3, ncha iko 4. Hapo ndipo nusu ya darasa inapozikwa. Ukishaziona 3 na 4 mkono unakuwasha, unazitia palepale: 9 + 16 = 25. Unatofautisha, yaani unatafuta kasi ya kubadilika, kila kitu kinakuwa sifuri, unabaki na 0 = 0. Hongera, umethibitisha kwamba ngazi haijaenda popote! Namba ukiitia mapema imeganda. x na y zinabadilika kila sekunde, kwa hiyo ziache zitembee, tofautisha kwanza kwa t, yaani muda (dx/dt ni kasi ya x, dy/dt ni kasi ya y):

2x·dx/dt + 2y·dy/dt = 0

Kuna wanaoandika 2x + 2y = 0 halafu wanashangaa muda umeenda wapi. Muda mmeuacha nje mlangoni! Ukifika hapo ndipo utie namba: 2(3)(1) + 2(4)·dy/dt = 0, dy/dt ni −0.75. Unadhani umepona. Unaandika kwa mwandiko mzuri kwamba ngazi inashuka kwa −0.75, na Dokta anakata alama, kwa sababu kushuka kwa kutoa ni kupanda. Ama useme dy/dt = −0.75, ama useme inashuka kwa 0.75. Ukiweka vyote viwili, umempandisha fundi darini.

Sasa litazame tena hilo jibu: dy/dt = −x/y. Hebu y ikaribie sifuri. Ncha ikibakiza milimita 1 kugusa sakafu, x ni karibu mita 5, na kasi ni mita 5,000 kwa sekunde. Kampala hadi Jinja, kilomita 80, sekunde 16! Na sisi tunaokwama Mukono mpaka giza linaingia, kumbe tulikuwa tunapanda gari wakati ngazi zipo? Fundi yeyote angewaambia ngazi inaachana na ukuta kabla ya kufika huko, na mlinganyo wenu hauna kazi tena. Lakini fundi hakuulizwa. Fundi hana digrii. Watu wanalipia riteki, yaani kurudia mtihani walioufeli, tena pesa ya kuuza mbuzi wa nyumbani, kwa sababu ya ngazi ambayo kijana mmoja mwenye gambuti angeizuia asubuhi nzima kwa chapati na chai!

Wa kulaumiwa ni tauni. Cambridge ilifungwa 1665, Newton akarudi kwao kijijini, akakaa huko akitengeneza mambo haya. Vyuo vyetu vilipofungwa Machi 2020 tulirudi vijijini tukapalilia mihogo, hatukumdhuru mtu. Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, naye akachapisha ya kwake 1684, wakagombana mpaka kaburini nani alianza. Riteki zake hakuna aliyezigombea.

Ila Leibniz namheshimu, dy/dx yake inasomeka. Newton aliweka nukta juu ya y. Nukta! Kwa fotokopi zetu za Wandegeya, zile za kopi iliyotolewa kwenye kopi, utajuaje kama ni nukta au ni nzi alipita? Ukurasa wenye kanuni ya mgawanyo, ya kutofautisha u/v, umekatwa ukingoni: juu iko sawa, vu′ − uv′, lakini chini v² imepoteza kile kidogo cha 2, imebaki v tupu. Na kuna watu wameikariri hivyo hivyo, wanaiimba ngazini wakielekea kwenye mtihani.