Uraia Uliouzwa Pamoja na Nyumba

Kwa miaka kadhaa kisiwa cha Kupro kiliwapa uraia wageni waliokuwa na yuro milioni 2 za kununulia majengo, na watetezi wa mpango huo wakadai kuwa huo ni uwekezaji. Mimi sikubaliani nao. Kwa masharti ya mwaka 2016, mnunuzi alilazimika kubaki na nyumba moja tu yenye thamani ya yuro 500,000, na mali iliyobaki aliweza kuiuza baada ya miaka 3, bila kutakiwa kuishi kisiwani. Nyumba ilikuwa stakabadhi tu. Bidhaa yenyewe ilikuwa haki ya kuishi na kufanya kazi popote katika Umoja wa Ulaya.

Tukubali kwamba dhiki ilikuwepo. Mwaka 2013 benki za Kupro ziliyumba, nchi ikaokolewa kwa mkopo wa yuro bilioni 10, na wenye akiba inayozidi yuro 100,000 katika benki mbili kubwa wakakatwa sehemu ya fedha zao. Rais Nicos Anastasiades aliahidi kuwafuta machozi kwa uraia wageni waliopoteza angalau yuro milioni 3. Mzalendo aliyekatwa akiba yake hakuwa na cha kufutiwa machozi, kwa kuwa uraia alizaliwa nao. Kisha minara ya fahari ikaota kando ya bahari mjini Limassol, na kodi za nyumba zikawaelemea watu wa mji huo waliokuwa wakilipwa mishahara ya kawaida.

Mnamo Oktoba 2020, kituo cha habari cha Al Jazeera kilirusha video ya siri: waandishi wake walikuwa wamejifanya wawakilishi wa tajiri wa kubuni kutoka China aliyewahi kuhukumiwa kwa utakatishaji wa fedha, wakamrekodi Spika wa Bunge akiahidi kumuunga mkono. Spika alijiuzulu, huku akikana kutenda kosa, na mpango ukasitishwa tarehe 1 Novemba. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Myron Nicolatos ilibaini kwamba kati ya watu 6,779 waliopewa uraia kuanzia 2007 hadi 2020, asilimia 53 walipewa kinyume cha sheria, wengi wao wakiwa jamaa za wawekezaji na wakuu wa makampuni.

Wapo wanaosema kwamba ukaguzi mkali ungetosha. Malta ilijitapa kwa ukaguzi wa namna hiyo, lakini kwake mwombaji hakuhitaji hata kununua nyumba: aliweza kupanga kwa yuro 16,000 kwa mwaka, mradi aichangie serikali yuro 600,000, au 750,000 akitaka kusubiri mwaka 1 badala ya 3. Tarehe 29 Aprili 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba uraia wa Umoja hauwezi kupatikana kwa muamala wa kibiashara. Naona iliamua kwa haki, kwa sababu nchi moja ilikuwa ikipokea fedha kwa haki ambazo nchi nyingine 26 zilipaswa kuziheshimu bila kuulizwa.

Kupro sasa inawavua uraia baadhi ya wanunuzi. Hatua hiyo inafaa, lakini mawakili, madalali na wajenzi waliojipatia faida kwa kila ombi lililopita wanapaswa kuchunguzwa kwa bidii ileile, kwani mnunuzi wa mbali asingeujua mlango huo bila wao.