Kukandwa hakukuanzia saluni

Ndugu Mhariri, makala yenu imeeleza uchuaji kana kwamba uliingia Mbeya pamoja na saluni za mjini, ilhali kwetu Tukuyu marehemu bibi yangu, kabla ya kumgusa mgonjwa, alipasha viganja vyake juu ya makaa, akaomba kwa sauti ya chini, kisha akamkanda mgongo kwa mafuta ya nyonyo mpaka pumzi yake itulie. Naamini maombi yale yalikuwa sehemu ya tiba, kwa kuwa mwili wenye hofu haulegei. Hata hivyo, mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma usichuliwe kamwe, kwani huenda kuna damu iliyoganda ndani. Mgonjwa awahishwe hospitalini. Bibi mwenyewe aliwarudisha wagonjwa wa namna hiyo mlangoni.