Ati tuwafungie wavuvi wa Kilifi ili sisi turushe flai?

Kuna hoja inazunguka kati ya sisi watu wa Nairobi tunaopenda kuvua, hasa wale walioanzia kwa trauti huko Aberdare na sasa wanataka maji chumvi: ati Kenya ifanye kama Ireland. Huko mwaka 1990 wavuvi wa biashara walipigwa marufuku kuvua sibasi, samaki wa baharini wa huko, akaachiwa watu wa fimbo za kuvulia, na siku hizi wageni wanalipa mwongozaji awapeleke ufuoni warushe flai, kile chambo cha manyoya na nyuzi, na wengi wakimpata wanamrudisha majini. Sasa wanasema kolekole na tewa wa Watamu na Kilifi wataleta pesa zaidi wakiwa hai.

Si hoja ya kutupa. Sibasi anakua polepole sana, anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, ndiyo maana kwa maji ya Ireland sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kuchukua aliye chini ya sentimita 42. Tewa wetu naye ana mambo yake, aina nyingi wanaanza wakiwa jike halafu wakubwa wanageuka dume, kwa hivyo ukimaliza wakubwa umebakisha majike wasio na wa kuwapandisha. Mkubwa akirudishwa hata mvuvi wa nyavu anafaidi.

Lakini kurudisha kuna masharti. Kwa maji mafupi sawa, ukilowesha mikono na usimlaze kwa mchanga moto ili tu umpige picha. Tewa wa kina kirefu ni stori ingine kabisa, ukimvuta juu hewa ya ndani inavimba, macho yanatokeza, tumbo linachungulia mdomoni, huyo ukimwachilia anaelea tu. Heri apikwe.

Halafu hiyo marufuku ya Ireland ilikuwa ya samaki mmoja. Kwetu dema, ule mtego wa kusukwa, likiinuliwa linatoka na changu, tafi na tewa pamoja, na hicho ndicho chakula cha nyumba, sasa utamwambia huyo mzee achague yupi? Na tusijifanye hakuna mipaka, hifadhi ya Watamu iko tangu 1968, ndani ya paki hakuna kuvua kabisa, na kwa risavu, lile eneo la akiba la kando, wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa.

Mimi naona tunabishana juu ya marufuku wakati swali ni mwongozaji ni nani. Mtu anatoka Nairobi na fimbo namba 5 ya trauti, ile nyepesi, anafika upepo wa kusi unavuma, anarusha mara tatu flai inamrudia kwa shati. Mtoto wa pale angemwambia mapema: njoo msimu wa kaskazi, beba fimbo nzito zaidi, namba 8 au 9, na ngoja maji yajae, mkizi wakiingia kwa mikoko kolekole wanawafuata nyuma. Hiyo ndiyo unayolipia, boti ni usafiri tu. Na anayeyajua haya ni mvuvi yuleyule tunayetaka kumfungia.

Shida ni kusi ikiingia wageni wa fimbo wanapungua na yeye lazima ale, kwa hivyo wavu hataacha na simlaumu. Ila mtu akilipwa vizuri siku za kaskazi ana sababu ya kuacha wale wakubwa, so kabla ya kulipa boti uliza huyo anayesimama mbele kukuonyesha samaki, yeye anapata pesa ngapi kwa hiyo bei, ukiona mwenye boti anaanza kuzungukazunguka tafuta mwingine.