Kijiwe chenye bia: kuijua Granada kwa baa zake za mtaani

Mtu wa kwetu akifika Granada kwa mara ya kwanza hudhani wamekosea bili. Kaagiza glasi moja ya bia, imekuja na kisahani cha dagaa wa kukaanga ambacho hakukiomba, na mwisho kalipia glasi tu. Hawajakosea. Katika mji huu wa Andalusia, kusini mwa Hispania, tofauti na Sevilla au Barcelona ambako kila kisahani kina bei yake, kinywaji huja na chakula chake. Kisahani hicho ndicho tapa, neno lenye maana ya kifuniko. Hadithi za wafalme zinazosimuliwa kuhusu asili yake ni nyingi kiasi kwamba haziwezi kuwa kweli zote.

Wengi wakisikia habari hii huifananisha na baa zetu za nyama choma. Napinga. Nyama choma ni shughuli: unachagua paja, linapimwa, unasubiri karibu saa nzima huku chupa za nusu lita zikijipanga mezani, na ukishakaa hutoki. Kinachofanana na tapas kwetu ni kijiwe cha kahawa cha pwani. Kikombe kidogo cha kahawa chungu, kipande cha kashata, maneno mawili matatu kuhusu Simba na Yanga, unaaga. Kinywaji kidogo, cha kutafuna pembeni, na watu wa mtaa ule ule. Anayekielewa kijiwe ataielewa Granada haraka kuliko mtalii mwenye orodha ya baa kumi bora.

Kanuni zenyewe hazijaandikwa ukutani. Simama kaunta, usikimbilie meza za nje, maana bei ya nje mara nyingi iko juu kidogo. Agiza caña, glasi ya bia ya karibu mililita 200. Bei ni kama euro 2.50 hadi 3.50, tapa ikiwamo. Katika baa nyingi hupewi menyu ya tapas: jikoni ndiko kunakoamua. Glasi ya kwanza huja na tapa ya kwanza, ya pili huja na tapa nyingine, na mara nyingi ile ya pili ndiyo tamu zaidi. Mhudumu huita jikoni primera au segunda ili wapishi wajue uko raundi ya ngapi.

Hapo ndipo wageni wanapoharibu. Mkiwa wanne na kila mmoja akaagiza kwa wakati wake, mmoja atakuwa raundi ya kwanza, mwingine ya pili, visahani vitakuja kwa vipande na mhudumu atanuna. Agizeni pamoja, malizeni pamoja. Kosa la pili ni njaa: mtu anaingia baa ya kwanza anaagiza ración, yaani sahani kubwa ya kulipia, anashiba, na matembezi yameishia hapo. Kosa la tatu ni kuagiza kahawa au chai ukisubiri tapa. Haiji. Soda huja nayo, na hata bia isiyo na kilevi.

Hesabu yake ndiyo inayonifanya niupende utaratibu huu. Caña tatu ni mililita 600, zaidi kidogo tu ya chupa moja ya bia ya kwetu. Lakini mtu wa Granada kazinywa katika baa tatu, kala visahani vitatu, katembea katikati, na katumia kama euro 9. Kwetu chupa ya kwanza hunywewa tumbo likiwa tupu kwa sababu nyama bado iko motoni. Nyama ikifika, watu washafika chupa ya tatu na sauti zimeshapanda. Chakula kinachokuja na glasi ya kwanza ndicho kinachowafanya watu wa huku waonekane wastaarabu wa pombe, si tabia waliyozaliwa nayo.

Saa nazo zina wenyewe. Majiko hufanya kazi kuanzia kama saa saba na nusu mchana hadi saa kumi, kisha kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa sita. Ukiingia saa kumi na mbili jioni ukitarajia kula, utapata zeituni na vipande vya viazi vya pakiti. Jumapili usiku na Jumatatu baa nyingi za mtaani hufunga.

Sasa suala ambalo waandishi wa safari hulipita haraka. Kwetu kitimoto ina kona yake na jina lake la mafumbo. Anayekula anajua aendako, asiyekula haimgusi. Huku nguruwe hana kona. Yumo kwenye dengu kama chorizo, soseji yenye viungo, yumo ndani ya croquetas, madonge laini ya kukaanga, amenyunyizwa juu ya salmorejo, supu baridi ya nyanya, yumo kwenye maharage mabichi mapana yanayoitwa habas con jamón, jamón ikiwa ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Ukisema hutaki nyama, sin carne, unaweza kuletewa jamón na mhudumu asione tatizo, kwa kuwa kwake carne ni pande la nyama, si vipande vyembamba vya jamón. Sema wazi: sin cerdo y sin jamón, bila nguruwe na bila jamón. Na useme wakati unaagiza kinywaji. Kisahani kikishatoka jikoni umechelewa. Baa za samaki ndizo zenye nafuu, lakini uliza kama mafuta ya kukaangia yanatumika pia kwa nyama. Los Diamantes, iliyoko Calle Navas tangu 1942, inajulikana kwa samaki wa kukaanga, na foleni yake ni ndefu kwa sababu hiyo.

Kwa asiyekunywa pombe, mosto ni maji ya zabibu yasiyochachuka na tapa huja nayo. Jihadhari tu ukienda vijiji vya Aljarafe karibu na Sevilla, ambako neno hilo hilo ni divai changa. Bia iliyoandikwa sin inaweza kuwa na kilevi kidogo, chini ya asilimia 1. Anayetaka kuepuka kabisa aombe 0,0 au soda. Tinto de verano huonekana kama juisi, ila ni divai iliyochanganywa na soda.

Cha ajabu ni kwamba Mswahili hapaswi kujiona mgeni kabisa mbele ya visahani hivi. Watawala Waislamu walikaa Hispania tangu 711 hadi Granada ilipoanguka 1492, na meza imehifadhi lugha yao. Aceituna ni zeituni yetu, azafrán ni zafarani, azúcar ni sukari. Albóndiga, kababu ya duara kwenye mchuzi, imetokana na neno la Kiarabu bunduq, lenye maana ya kitu kidogo cha mviringo, neno lile lile lililotupa sisi bunduki. Wao wakatengeneza kababu, sisi tukabaki na silaha.

Na ipo tortilla, ambayo ni binamu wa chipsi mayai. Watu wa kwetu huionja wakasema haina ladha, kisha wakaomba tomato sosi. Tatizo ni kuitarajia iwe kile isicho. Chipsi mayai huanza na chipsi zilizokwisha kukaangwa zikakauka. Mayai mawili yanamwagwa juu kwenye moto mkali, na ladha inatoka kwenye kachumbari na pilipili. Tortilla ni kinyume. Gramu 600 hivi za viazi, kwa mayai sita, hukatwa vipande vyembamba na kupikwa taratibu ndani ya mafuta ya zeituni mengi kwa dakika 20 au zaidi, vilainike bila kuwa na rangi. Moto ukizidi vinakuwa chipsi na haviwezi kunyonya yai. Vikichujwa vinachanganywa na mayai na kuachwa dakika kumi. Anayeruka hatua hii hupata viazi huku na yai kule. Kisha kikaango cha sentimita 24, na kugeuza kwa kufunika sahani juu, mara moja, bila woga, maana anayesita humwagia mkono wake. Kama itiwe kitunguu au la ni ugomvi wa Wahispania wenyewe. Mimi niko upande wa kitunguu.

Kuhusu mitaa: Calle Navas iko katikati, nyembamba, na wanaoita wateja mlangoni ni ishara ya kutosha kwamba upite zako bila kuingia. Realejo, uliokuwa mtaa wa Wayahudi, una uwanja wa Campo del Príncipe ambako watoto hucheza mpira katikati ya meza. Albaicín ni kupanda ngazi. Juu kule, Plaza Aliatar ni mahali pa konokono kwenye mchuzi wa viungo, kama roho yako inakubali. Calderería Nueva ni mtaa wa chai ya Kimoroko na keki za lozi, halali kwa sehemu kubwa, ila tapa ya bure hakuna. Zaidín, upande wa kusini, unafikika kwa metro iliyoanza 2017. Shuka Nuevo Los Cármenes. Hakuna jengo la kupiga picha, na visahani ni vikubwa kuliko vya katikati.

Zaidín ndiko ninakoona tunachokosa sisi. Bibi wa miaka themanini kasimama kaunta na mosto wake, mjukuu kakaa juu ya stuli, mbwa chini. Baa zetu hazina bibi wala mjukuu, na vijiwe vyetu vya kahawa, kwa sifa zote nilizovipa, ni vya wanaume. Huku nako hakuna wa kukumiminia maji ya kunawa, hakuna salamu ndefu, na ukinyamaza kwa adabu hutahudumiwa mpaka kesho. Lazima upaze sauti.

Wanaotaka kuuleta utaratibu huu kwetu wasianze na bia, na wasiahidi cha bure, kwani hata Granada tapa imo ndani ya bei ya glasi. Waanze na chipsi mayai ya kukatwa pembetatu, kipande kimoja kwa kikombe cha kahawa, bei moja. Kwanza watafute kikaango: vyetu vingi ni vyepesi na vifupi, yai hukauka chini kabla halijashika juu. Kinatakiwa kizito chenye kina cha sentimita tano, na sahani bapa inayokipita upana, ya kugeuzia.