"Ni pancha tu, bosi"

"Ni pancha tu, bosi. Dakika tano." Maneno haya husemwa kila siku chini ya kila mwembe wenye kompresa na tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya barabara badala ya bango. Yakisemwa mbele ya Canter ya nyanya sina ugomvi mkubwa nayo. Yakisemwa mbele ya Subaru Impreza STI yenye tairi la 245/40R18, na mwenye gari akaitikia kwa kichwa huku anachezea simu, damu inachemka. Mtu kaagiza gari Japani, kalifunga bomba la kunguruma mpaka watoto wa mtaa mzima wanaamka, halafu kile kipande kidogo kinachogusa lami anakikabidhi kwa uzi wa mpira na mate. Ndiyo, mate, maana ndiyo kipimo: fundi anatema kidoleni, anapaka kwenye valvu, povu lisipotoka kazi imekwisha.

Asilimia 40 ya 245 ni milimita 98. Hicho ndicho kimo chote cha ubavu wa tairi hilo, hata sentimita 10 hazifiki. Prado yenye 265/65R17 ina zaidi ya 17. Upepo ukiisha kwenye Prado tairi linalala, gari linavuta upande, kila mtu anajua. Kwenye STI ubavu ni mfupi na mgumu, gari halishuki sana, redio iko juu, bomba linanguruma, na dereva anatembea kilomita mbili akitafuta fundi. Muda wote huo ringi inausaga ubavu kwa ndani. Akisimama, kwa nje anaona msumari mmoja katikati ya kashata, yaani ule uso wenye mistari unaokanyaga lami, na tairi zima la kupendeza.

Sasa litoe kwenye ringi, upitishe mkono ndani. Ukitoka na vumbi jeusi kama masizi ya kibatari, au ukakuta mstari uliochubuka ukizunguka ubavu, tairi hilo limekufa. Usijadiliane nalo. Likijazwa upepo linaweza kupasuka ubavu hapo hapo mbele ya uso wa anayelijaza, au likasubiri mpaka ufike spidi 120 karibu na Chalinze.

Fundi aliyezibia nje hajaona lolote kati ya hayo, na hapo ndipo ninapogombana na "dakika tano". Anang'oa msumari kwa koleo, anapekecha tundu kwa chuma chenye meno (akikata na nyaya za chuma zilizokuwa nzima), anasukuma uzi wenye gundi, anakata mkia, anadai hela. Upepo umekaa, kweli. Maji je? Uzi unaziba njia ya upepo, lakini haukuhakikishii kwamba maji hayaingii kwenye zile nyaya. Zikishika kutu, kashata inaanza kuachana na mwili wa tairi taratibu, na ubavuni bado pameandikwa W, yaani spidi ya mwisho ni kilomita 270 kwa saa. Herufi ile iliandikwa kwa tairi zima. Baada ya ukarabati, watengenezaji wengine hawaitambui tena hata kazi ikiwa safi.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Kabla ya kung'oa msumari, weka alama ya chaki ubavuni, kwenye ringi na kwenye valvu, tairi lirudi lilivyokuwa. Litolewe kwa mashine yenye vishikio vya plastiki, si kwa nyundo na mtaimbo, kwa sababu spoti rimu iliyochubuka ukingoni itavuja polepole na utalaumu kiraka. Likikaguliwa na kukutwa zima, tundu linasafishwa kwa kufuata mwelekeo ule ule wa msumari, hata kama uliingia kiupande. Mpira wa ndani unakwanguliwa eneo kubwa kidogo kuliko kiraka, vumbi linaondolewa, gundi inapakwa na kuachwa dakika kadhaa mpaka inate kidoleni bila kulowanisha. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanabandika gundi ikiwa mbichi, mvuke wake unanaswa chini ya kiraka, nacho kinabanduka ndani ya wiki. Kiraka kiwe kile chenye mkia kama uyoga: mkia unavutwa kutokea ndani kuziba tundu zima, kofia inaziba ndani. Kinakandamizwa kwa kigurudumu cha chuma kuanzia katikati kwenda nje, mkia unakatwa sawa na kashata, upepo, maji ya sabuni, balansi. Dakika 40 ikiwa fundi hana foleni.

Hayo yote ni kwa tundu lisilozidi milimita 6, katikati ya kashata. Begani au ubavuni hakuna kiraka, hata fundi awe na mikono ya dhahabu.

Na tafadhali, "tuweke tyubu" hapana. Tyubu ndani ya tairi la aina hii inasuguana, inapata joto, na ikitoboka upepo wote unatoka kwa mkupuo.

Nakubali, shingo upande, kwamba uzi una saa yake. Ukikwama usiku katikati ya hifadhi ya Mikumi, tembo hasubiri gundi ikauke. Ziba, jaza, ondoka taratibu, na kesho tairi litolewe. Tatizo ni kwamba kesho hiyo haifiki, uzi wa dharura unakaa mpaka tairi linakuwa kipara.

Wenye chupa ya dawa ya kuziba msicheke. Mazda MX-5 ya kizazi cha nne inatoka kiwandani bila spea, ina chupa na kompresa tu. Gari likifika Dar na miaka yake kumi, chupa nayo ina umri huo huo, na dawa ile imeshaganda. Soma tarehe leo. Ikiwa bado nzima, inaziba msumari wa kashata tu, unatembea papo hapo ili isambae, usizidi 80. Na mwambie fundi kabla hajafungua, asije akaogeshwa.

Spea yenyewe ile nyembamba inataka psi 60, na mara nyingi ukiigusa ina 20. Ukiazima ya Impreza ya kawaida ya inchi 16, haitapita kwenye kalipa za Brembo za mbele za STI, yaani vile vibano vikubwa vya breki, heri ujue nyumbani kuliko barabarani. Impreza za zamani za otomatiki zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD chini ya boneti. Chomeka fyuzi hapo kabla ya kutembelea spea, gari livutwe na magurudumu ya mbele tu.

Tairi likifa, usinunue moja. Jipya lina kashata ya milimita 8, matatu yaliyobaki yana 4: mzunguko unatofautiana kwa milimita 25. Subaru kule Marekani wanaruhusu robo inchi, kama milimita 6. Difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, itachapa kazi bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka, mpaka iungue. Najua bei ya matairi manne. Tafuta basi mtumba wa chapa na mchoro ule ule, pima kashata, soma tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kuinua: jeki ya magurudumu haiingii chini ya bodikiti, kwa hiyo panda kwanza juu ya ubao wa sentimita 4 au 5. Weka jeki kwenye ukingo wenye alama mbili za kukatwa, si kwenye plastiki. Nati zilegezwe tairi likiwa chini na zikazwe kwa kuvuka, Nm 90 hadi 120 kulingana na mwaka wa gari, kisha zirudiwe baada ya kilomita 80. Na zihesabu fundi anapozitoa kwenye kopo lake. Za Subaru zina meno yanayopishana milimita 1.25, za Toyota 1.5, na mashine ya upepo inazikaza zote bila kuuliza. Ikiingia ya Toyota, dakika tano zinakuwa alasiri nzima ya kutafuta boliti.