Wasichana walioitwa kujiunga na Loreto Limuru wasibaki nyumbani

Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921 kutoka Ireland, na shule yao ya Msongari, Nairobi, ikawa ya watoto wa Kizungu. Msichana Mwafrika alisubiri hadi 1936, masista walipofungua shule ya sekondari ya Loreto Limuru, kwenye baridi ya mashamba ya chai. Wavulana wenzake walikuwa na shule ya sekondari ya Alliance tangu 1926. Tunapozisifu shule za Kikatoliki huwa tunairuka sehemu hii, nami naona ndiyo yenye uzito kuliko zote: mlango ule ulikuwa umefungwa, na kuna watu walioamua kuufungua.

Wangari Maathai alimaliza Limuru mwaka 1959. Kwao Ihithe, Nyeri, kaka yake Nderitu ndiye aliyeuliza kwa nini Wangari naye haendi shuleni. Alipofika Loreto akampata mtawa wa kufundisha sayansi aliyemkaribisha maabara, akawa anamsaidia kuosha neli na visahani vya majaribio huku wakizungumza. Mwaka 1960 alikwenda Kansas, Marekani, akasomea biolojia. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari (PhD), mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 2004 akapewa Nobeli ya Amani. Mimi naamini kabisa kwamba saa zile za maabara zilikuwa na mchango wake, maana mtoto hujifunza sana akiwa karibu na mtu mzima anayemheshimu.

Leo Loreto Limuru ni shule ya umma, Kanisa likiwa mdhamini. Karo ya shule za kitaifa za bweni imewekwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Ongeza sanduku la bati, godoro, sare, blanketi zito (Limuru ya Julai haina mzaha) na nauli. Mama anayechuma chai kwa kibarua anaisoma barua ya kuitwa kwa bintiye, anaikunja, anaanza kupiga simu kwa shemeji na wajomba. Tangu Januari 2026 anayeitwa anaingia Gredi ya 10 badala ya Kidato cha Kwanza, lakini hesabu za mama ni zile zile.

Maaskofu wetu hupaza sauti kuhusu haki za mdhamini, hasa uteuzi wa wakuu wa shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini nafasi yake, na sina ugomvi nayo. Ninachotamani ni kuisikia sauti hiyo hiyo, kwa nguvu hiyo hiyo, ikimtetea msichana aliyeitwa akashindwa kuripoti. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zinamjua kwa jina na zinajua nyumba yao. Parokia inaweza kutenga sadaka ya pili ya Jumapili moja kabla shule hazijafunguliwa, paroko akalipa karo moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na wanawake waliosoma kwa masista wakajazia godoro na blanketi. Tulichanga kujenga makanisa tukamaliza. Hata hili tunaliweza.