Sanduku la maoni limeniponza

Jamani leo nina hasira mpaka kope zinacheza zenyewe. Mtu mzima na heshima zangu, miaka kenda kazini bila barua ya onyo hata moja, leo nimesomewa imla kama mtoto wa darasa la pili!

Iko hivi. Pale kwenye korido kuna sanduku la maoni, ufunguo anao meneja (hapo tu ningeshtuka). Nikatumbukiza kikaratasi, jina sijaweka: "Tunaomba kulipwa ovataim". Basi, sijatukana mtu. Asubuhi tunaitwa wote, meneja kakishika kwa ncha za vidole kama kakiokota chooni, nani kaandika hiki? Kimya. Yule wa stoo akaanza kikohozi ambacho jana hakuwa nacho. Meneja kagawa karatasi na peni, "andikeni wote, ovataimu," halafu anapita katikati yetu mikono nyuma! Mimi nikahamia mkono wa kushoto, herufi zinakwenda kama kuku kakanyaga wino, jasho linadondokea karatasi, nikajua hapa ndo najichongea kabisa.

Aliyeniokoa ni mama wa usafi, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. Kasimama taratibu, "Meneja, usihangaike na miandiko, hiyo ovataimu tunaidai wote." Na sisi tukaitikia, hata yule wa kikohozi! Meneja eti mambo ya chama yanaleta mgawanyiko. Mgawanyiko! Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, unaosema mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama, ni wa mwaka 1948, namba 98 wa kujadiliana na mwajiri ukafuata 1949, yeye leo ndo anashtuka. Masaa nane ya kazi kwa siku watu waliyadai kwa mgomo Chicago mwaka 1886, mkataba wa kwanza kabisa wa hilo shirika, 1919, ukayaandika, mimi mwanangu ananitambua kwa harufu ya soksi tu.

Ila nisijifanye shujaa. Fomu ya chama nimekaa nayo miezi saba, naogopa makato, nimeifanya ya kuwekea kikombe. Leo nimeitafuta, duara la kikombe limekaa hasa pale pa kusaini. Na peni nayo? Meneja kazikusanya zote, kazihesabu mara mbili, anadai imepungua moja.

Iko kwenye soksi.